Kodi ya majengo ikikuzidi uwezo: la kufanya kabla na baada ya tarehe ya mwisho

Kodi ya majengo haimfuati mtu peke yake, inaifuata nyumba. Ukihama, ukifariki, ukiuza bila kulipa, deni linabaki limeing'ang'ania nyumba ile ile, na katika nchi nyingi linatangulia hata deni la benki iliyokopesha fedha za ujenzi. Ndiyo maana mamlaka inayotoza haina haraka ya kukugongea mlango. Inaweza kukaa kimya miaka kadhaa huku riba ikijazana, kisha ukaletewa ilani ya mnada. Wengi wanaoifungia ankara kabatini si wazembe. Wametazama jumla iliyoandikwa chini, wakaona haiwezekani, wakaishia hapo. Jumla hiyo ni ya kuiangalia mwisho. Cha kuanza nacho ni tarehe: ni ipi iliyo karibu, na ni kiasi gani kitazuia isikudhuru?

Igawe ankara vipande

Chukua karatasi. Andika kando kando kodi ya mwaka huu, malimbikizo ya miaka iliyopita, adhabu ya kuchelewa, na riba. Ukiona gharama nyingine, kama ada ya ilani au ya wakili wa mamlaka, zipe mstari wake. Ankara ikikuonyesha jumla tupu, nenda au andika uombe taarifa kamili ya deni, mwaka kwa mwaka. Ni haki ya anayedaiwa kujua anadaiwa nini.

Mgawanyo huu una faida kwa sababu vipande hivi havilainiki sawa. Kodi yenyewe haipunguzwi kwa maombi. Inapungua tu kwa pingamizi au kwa unafuu uliowekwa na sheria. Adhabu na riba ndizo mamlaka huweza kusamehe, nyingine kwa tangazo la jumla la kipindi maalumu, nyingine kwa ombi la mtu mmoja mwenye sababu. Tena riba na adhabu zikiachwa huizidi kodi yenyewe. Katika kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani kutoka jimbo la Minnesota, mwenye nyumba alidaiwa takriban dola 15,000. Kodi humo ilikuwa dola 2,300 hivi tu. Zilizobaki zote zilikuwa riba, adhabu na gharama.

Hakikisha deni ni lako, na ni sahihi

Kabla ya kuomba muda, kagua. Ankara za majengo hutoka kwenye daftari la uthamini, yaani orodha ya nyumba na thamani zake, na daftari hilo hujazwa na wakaguzi waliopita barabarani tu, au hunakiliwa kutoka kwenye rekodi za zamani. Linganisha mambo haya na hati yako:

- namba ya kiwanja na jina la mmiliki;
- ukubwa wa kiwanja na wa jengo, na idadi ya ghorofa;
- matumizi: nyumba ya kuishi iliyoandikwa kuwa ya biashara hutozwa kiwango cha juu;
- jengo lililobomolewa, kuungua au kutomalizika ambalo bado linahesabiwa kuwa zima;
- nyumba moja yenye akaunti mbili, jambo la kawaida pale kiwanja kilipogawanywa na namba ya zamani isifutwe;
- malipo yako ya nyuma: tafuta kila stakabadhi, kwa kuwa malipo yaliyoingizwa kwenye namba isiyo sahihi hayatokei kwenye akaunti yako hata kama fedha zilipokewa.

Kosa likiwa kwenye rekodi tu (jina, namba, malipo yasiyoonekana), hurekebishwa kwa barua na vielelezo. Kosa likiwa kwenye thamani yenyewe, hilo ni pingamizi, na pingamizi lina muda wake, ambao mara nyingi ni wiki chache tangu daftari jipya litangazwe au ankara itolewe. Tafuta tarehe hiyo kwenye ankara au ilani yenyewe, uiandike mahali unapoiona kila siku. Lete ushahidi wa thamani: bei za nyumba mbili tatu zinazofanana na yako zilizouzwa karibuni, picha za nyufa au paa lililoanguka, au taarifa ya mthamini aliyesajiliwa. Kusema kwamba kodi ni kubwa kuliko kipato chako si hoja ya pingamizi. Hiyo ni hoja ya unafuu, na ina mlango wake.

Jihadhari hapa: kuwasilisha pingamizi kwa kawaida hakusimamishi tarehe ya kulipa. Ulizia kwa maandishi kama unaweza kulipa sehemu usiyoibishia huku pingamizi likiendelea, na kwenye barua ya malipo andika wazi kwamba unalipa bila kuondoa pingamizi lako. Wanaosubiri uamuzi bila kulipa chochote huweza kushinda pingamizi na bado wakadaiwa adhabu ya kodi iliyobaki.

Omba unafuu kabla ya kuomba awamu

Mpangilio huu una maana. Ukisaini mkataba wa awamu, mara nyingi unakiri deni lote kama lilivyoandikwa, na kurudi baadaye kudai punguzo kunakuwa kugumu. Anza na unafuu.

Makundi yanayopewa unafuu hutofautiana, lakini ya kuulizia ni haya: wazee, watu wenye ulemavu, wajane na wagane, wastaafu, mwenye nyumba anayeishi mwenyewe ndani yake, mwenye kipato cha chini, na aliyepatwa na maafa kama mafuriko au moto. Unafuu wenyewe una sura tatu: msamaha, unaofuta kodi, punguzo, linaloipunguza, na uahirisho, unaoiacha ikae hadi nyumba iuzwe au mwenyewe afariki. Uahirisho usiuchanganye na msamaha. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, kwa mfano, mwenye nyumba wa miaka 55 na kuendelea anaweza kuomba kuahirisha kodi ya makazi yake, lakini riba inaendelea na deni linaandikwa kwenye hati ya nyumba. Kwa mzee asiye na kipato na asiye na mpango wa kuuza, hiyo ni ahueni kubwa. Warithi wake waambiwe mapema, kwa kuwa wao ndio watakaokutana na deni hilo.

Unafuu mwingi hautolewi bila fomu, na fomu nyingi hurudiwa kila mwaka. Mtu aliyefikisha umri wa msamaha miaka minne iliyopita na hakuomba, anatozwa kama kijana. Uliza pia kama ombi linaweza kurudi nyuma kugusa malimbikizo. Baadhi ya mamlaka hukubali, na usipouliza hakuna atakayekuambia.

Lipa kitu kabla ya tarehe, lakini jua kinakwenda wapi

Ushauri wa kwamba ulipe chochote ulicho nacho ni nusu ya ukweli. Uliza maswali mawili kwanza. Je, malipo pungufu yanapokewa? Kuna mamlaka zinazoyakataa na kurudisha fedha, na siku ya mwisho inapita ukidhani umelipa. La pili: yanaanzia wapi? Sheria nyingi hupeleka malipo kwenye gharama na adhabu kwanza, kisha riba, kisha kodi ya zamani, na mwisho kodi ya mwaka huu.

Tazama hesabu. Tuseme ankara ni 200,000: kodi ya mwaka huu 96,000, malimbikizo 80,000, adhabu na riba 24,000. Una 60,000 mkononi. Ukilipa, 24,000 zinamezwa na adhabu na riba, 36,000 zinapunguza malimbikizo, na unabaki na deni la 140,000. Riba ikiwa asilimia 1.5 kwa mwezi, mwezi unaofuata inaingia 2,100. Basi anayejitahidi kupeleka 2,000 kila mwezi, kwa uaminifu kabisa, deni lake linakua. Huyu ndiye mtu anayekuja kusema amelipa miaka mitatu na ankara haishuki. Hajaibiwa, amelipa chini ya riba.

Yapo mambo matatu ya kufanya na fedha pungufu. Kodi ikiwa imegawanywa awamu mbili zenye tarehe tofauti, kamilisha awamu moja badala ya kugusa zote mbili, ili adhabu isiipate. Katika jimbo la California, Marekani, kwa mfano, awamu iliyochelewa huongezewa asilimia 10 papo hapo. Hakuna mkopo nafuu unaoshinda kuepuka hilo. Ukiwa na viwanja viwili, kamilisha kile unachokaa, au kile ambacho deni lake ni la zamani zaidi na kimekaribia hatua ya mnada. Na kukiwa na kipindi cha msamaha wa riba kilichotangazwa, subiri kifunguliwe ndipo ulipe malimbikizo, ila kodi ya mwaka huu usiisubirishe.

Pima uwezo wako kwa ukweli

Hapa ndipo mikataba mingi ya awamu hufa. Mtu anagawa deni kwa miezi, anaona anaweza, anasaini. Mwezi wa kumi ankara mpya ya mwaka inafika, na hakuihesabu.

Rudi kwenye 140,000. Kwa miezi 12, deni lenyewe ni 11,667 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ongeza riba 2,100. Sasa weka kando 8,000 kila mwezi kwa ajili ya kodi ya mwaka ujao ya 96,000. Jumla ni 21,767, karibu mara mbili ya ulichokuwa umefikiria. Kwa miezi 24, deni linakuwa 5,833 kwa mwezi, na ukiongeza riba na akiba ile ile unapata 15,933. Riba hushuka kadiri deni linavyoshuka: yote kwa miezi 12 itafika 13,650. Kwa miezi 24 ni 26,250. Muda mrefu unaongeza gharama, lakini mkataba wa miaka miwili unaoutimiza ni nafuu kuliko wa mwaka mmoja unaouvunja, kwa kuwa ukivunjika adhabu zilizosimamishwa zinarudi zote.

Orodhesha kipato cha miezi sita iliyopita, toa chakula, ada, dawa, nauli na madeni mengine, kisha angalia mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote. Kiasi cha kuomba kitoke kwenye mwezi huo, si kwenye wastani. Mkulima au mfanyabiashara wa msimu aombe malipo yanayofuata msimu: kidogo miezi ya kiangazi, kikubwa baada ya mavuno.

Andika barua

Ofisini unaweza kupewa ahadi ya mdomo na karani mwenye moyo mzuri. Akihamishwa, ahadi inaondoka naye. Andika, na upeleke kabla ya tarehe ya mwisho. Ombi likipelekwa mapema husomwa kwa jicho tofauti na la anayekimbia mnada. Ukurasa mmoja unatosha:

"YAH: OMBI LA KULIPA KODI YA MAJENGO KWA AWAMU, KIWANJA NA. ……, AKAUNTI NA. ……

Mimi ni mmiliki wa nyumba iliyotajwa hapo juu. Nimepokea ankara ya tarehe …… yenye jumla ya ……. Siwezi kulipa kiasi chote ifikapo tarehe …… kwa sababu ……. (Ambatisho: ……)

Naomba yafuatayo: kwanza, nilipe …… sasa na …… kila tarehe …… ya mwezi kwa miezi ……, pili, adhabu ya …… isamehewe, na riba isimamishwe muda wote ninapotimiza makubaliano, tatu, hatua za kukusanya deni zisitishwe katika kipindi hicho. Kodi ya mwaka ujao nitailipa kwa wakati wake.

Naomba majibu kwa maandishi. Barua hii haiondoi haki yangu ya kupinga uthamini au ya kuomba unafuu wa kisheria."

Ambatisha nakala ya ankara, kitambulisho, uthibitisho wa sababu yako (barua ya kuachishwa kazi, cheti cha hospitali, hati ya kifo), na ile karatasi ya kipato na matumizi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Barua isiyo na muhuri ni kana kwamba haikuandikwa. Ukituma kwa mtandao, hifadhi uthibitisho wa kutumwa na namba ya ombi.

Soma mkataba kabla ya kusaini

Tafuta vipengele vifuatavyo kwa kalamu mkononi: riba inaendelea au inasimama? Ukichelewa siku ngapi mkataba unahesabika umevunjika, na unaarifiwa kwanza au hapana? Malipo yanapelekwa kwenye kipande gani? Mnada na hatua za mahakama zimesitishwa kwa maneno wazi? Na kodi mpya je? Karibu kila mahali mkataba una sharti kwamba kodi ya mwaka unaoendelea ilipwe kwa wakati. Mpango wa miaka mitano wa California ni mfano mzuri: unaanza kwa kulipa angalau asilimia 20 ya deni lote la malimbikizo pamoja na adhabu zake, na ukikosa kulipa kodi mpya mpango wote unavunjika, hata kama awamu za zamani umezilipa zote.

Lipa kwa benki au njia rasmi yenye namba ya kumbukumbu ya akaunti yako, siku tatu nne kabla ya tarehe, maana malipo huchelewa kuingia. Usimpe mtumishi fedha taslimu mkononi, awe nani. Ukijua mwezi fulani hutaweza, andika kabla ya siku ya awamu, lipa angalau sehemu, taja tarehe ya kumalizia.

Nyumba yenye mkopo, na nyumba ya marehemu

Nyumba ikiwa dhamana ya benki, soma mkataba wa mkopo. Mara nyingi kutolipa kodi ya nyumba ni kuvunja mkataba huo, hata kama marejesho yako ya mkopo hayajachelewa. Benki inaweza kuilipa kodi yenyewe na kuiongeza kwenye mkopo wako. Wengine huona ni msaada mpaka waone marejesho ya kila mwezi yameruka. Zungumza na benki mwenyewe kabla haijasikia kutoka kwa mamlaka, na uulize kama inaweza kusambaza kiasi hicho kwa muda mrefu.

Nyumba ambayo bado ina jina la marehemu ina shida ya pekee. Ilani zinatumwa kwa jina na anwani ya mtu asiyekuwepo, hakuna anayejibu, na mahakama inaona zimetumwa kihalali. Unafuu wa mzee nao unakoma kwa kifo chake, huku mjane anayestahili unafuu wake mwenyewe hajaomba. Familia ifanye haya haraka: msimamizi wa mirathi ateuliwe kisheria, kwa kuwa mamlaka nyingi hazisaini mkataba na mtu asiye na barua ya usimamizi, anwani ya ilani ibadilishwe, na warithi waandikiane nani analipa kiasi gani. Yeyote anaweza kulipa kodi ya nyumba hata kama si mmiliki, basi msiiache tarehe ipite kwa sababu ya ugomvi wa mgawo. Anayelipa atunze stakabadhi zenye jina lake ili arudishiwe mirathi ikifungwa.

Kukopa ili kulipa

Linganisha riba kwa kipimo kimoja. Asilimia 1.5 kwa mwezi ni asilimia 18 kwa mwaka. Mkopo wa simu wa asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120. Kukopa huko ili kufuta deni la asilimia 18 ni kuhamisha moto kutoka jikoni kwenda chumbani. Kukopa kunafaa pale riba ya mkopo ni ndogo kuliko ya mamlaka, kama mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au pale unapokwepa adhabu ya mara moja au mnada ulio mlangoni. Kupangisha chumba au kuuza kipande cha kiwanja, pale sheria inaporuhusu, ni bora kuliko mkopo ghali.

Na ukiona mtu amekuja mwenyewe, ameona jina lako kwenye orodha ya wadaiwa, anasema atalipa kodi na wewe usaini tu fomu, usisaini. Fomu hizo mara nyingi ni uhamisho wa umiliki au mauzo kwa bei ya kutupa. Wazee wanaoishi peke yao ndio wanaotafutwa zaidi.

Ilani ya mnada ikifika

Ipokee. Kukataa kusaini hakuifuti. Siku hiyo hiyo angalia tarehe ya mwisho ya kulipa au kujibu, jina la mahakama au ofisi, na kiasi. Kagua kama utaratibu umefuatwa: ilani ilitumwa anwani sahihi, kwa mmiliki sahihi, kwa muda unaotakiwa? Dosari ya ilani ni hoja nzito, ila isemwe kabla ya mnada. Nenda kwa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria ukiwa na karatasi zote. Hata katika hatua hii mamlaka nyingi hupokea malipo ya awali makubwa na mkataba, kwa kuwa mnada ni kazi na gharama kwao pia.

Nyumba ikiuzwa, uliza mambo mawili bila kuchelewa. Kuna kipindi cha kukomboa, yaani muda ambao mwenye nyumba anaweza kulipa deni na gharama akairudisha? Na ziada ya bei iko wapi? Katika ile kesi ya Minnesota, nyumba iliuzwa dola 40,000 kwa deni la 15,000 na kaunti ikabaki na zote. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Juu, majaji wote wakikubaliana, iliamua kwamba mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuidai ziada ile. Sheria za ziada si sawa kila nchi, na mara nyingi ziada haiji yenyewe: inadaiwa kwa maombi, ndani ya muda uliowekwa.

Baada ya awamu ya mwisho

Omba cheti cha kutodaiwa, au taarifa ya akaunti inayoonyesha sifuri. Kama zuio, yaani alama ya kwamba nyumba inadaiwa, liliandikwa kwenye rekodi za ardhi, peleka uthibitisho huo kwenye ofisi ya msajili lifutwe. Mamlaka ya kodi haifanyi hivyo kila mara, na zuio lililosahauliwa hujitokeza siku ya kuuza. Baada ya mwezi mmoja au miwili fungua tena akaunti, uone hakuna senti za riba zilizobaki zikianza kuzaa. Stakabadhi zote, mkataba, na barua yenye muhuri viweke pamoja na hati ya nyumba, na nakala za picha kwa mtu mwingine mmoja wa familia.